Bomba Litokee Wapi

4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na vidole vyako bado ni kumi. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia alisema tu, "Mwambie shemeji bado nipo," akaendelea kusikiliza redio yake. Paa lilivuja mwezi uliopita, nilipanda mwenyewe nikaliziba. Jirani yetu mshonaji amepata mjukuu, kwa hiyo ukuta wetu wa upande ule sasa una sauti mbili, ya cherehani na ya mtoto, na mtoto ndiye anayeshinda.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mjomba, nimemaliza mashine! Ile niliyokuambia kwenye barua ya mwaka jana, ukacheka. Meza ya chuma nimeichomelea mwenyewe, na mota tatu nimezitoa kwenye mashine mbovu za fotokopi kazini kwangu, zile zilizokuwa zinangoja kutupwa. Wenyewe huiita CNC. Unachora kwenye kompyuta, nayo inachonga mbao kwa kisu kinachozunguka, bila mkono wa mtu. Nimeshachonga vibao viwili vya maduka na mlango mmoja wa kabati, na mteja aliupapasa mlango ule kama anatafuta kosa akalikosa.

Tatizo ni vumbi. Si yale maranda ya randa yako yanayojikunja vizuri na kuanguka chini. Mbao nyingi ninazochonga ni za MDF, ule unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na kisu kikiugusa unarudi kuwa unga na kuelea. Nimeukuta kwenye mswaki. Nimeukuta ndani ya kopo la sukari lenye kifuniko. Nina mashine ya kufyonzea vumbi, lakini inajaa mara moja na kuanza kulia.

Wewe umekula vumbi miaka thelathini. Kwa hiyo nina maswali matatu, usinicheke. Kwanza, vumbi nilinaseje palepale kwenye kisu? Pili, nifanyeje ili mashine ya kufyonzea isijae? Tatu, hewa ikishafyonzwa lazima iende mahali: bomba la kuitoa litokee wapi?

Mpwa wako,
Maswali


27 Februari

Mpwa wangu Maswali,

Marahaba. Jina nililokupa ukiwa na miaka minne halijakukosea hata siku moja.

Mimi mzima. Masikio ndiyo hivyo, niliyaacha kwenye msumeno. Nikipigiwa simu nasikia nyuki tu, kwa hiyo endelea kuandika. Mwaka huu natengeneza madawati ya shule iliyo jirani na ninapopanga. Walinipa chumba kizuri cha kufanyia kazi nikakikataa, napigia randa uwanjani, pasipo na ukuta hata mmoja. Mwalimu mkuu anadhani nina kichaa kidogo, lakini madawati anayasifu.

Hongera kwa mashine. Nilicheka kwa sababu nilifurahi, na kwa sababu nilijua ungeimaliza.

Sikiliza basi. Kisu kivalishe sketi. Chukua kikombe cha plastiki, kitoboe, kizungushie nywele za ufagio ziguse mbao pande zote, na mdomo wa mpira wa kufyonzea uingie humo. Vumbi lisipopata pa kukimbilia litafuata mpira. La pili, usifyonze moja kwa moja. Katikati weka koni, na chini ya koni ndoo yenye kifuniko kinachobana. Hewa inazunguka ndani ya koni, unga mzito unaanguka ndooni, na kinachofika kwenye mashine ni kidogo. Mpira uwe mfupi, usiwe na kona. Na upitishie waya wa shaba ndani mpaka kwenye chuma cha meza, maana unga ukisugua plastiki unazaa umeme. Mimi bomba lilinirusha siku moja nikatoa tusi mbele ya mteja aliyekuja na mama yake.

Halafu nunua barakoa ya kweli. Kitambaa cha kufunga puani ni cha kujifariji tu.

Mashine umeiweka chumba kipi? Na shemeji anakaa wapi ikiwa inafanya kazi? Msalimie sana.

Karatasi imeniishia.

Mjomba wako


15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Karatasi imekuishia wapi, na nyuma ya ukurasa pako peupe pote? Sijambo, na nyumbani wote hawajambo. Mjukuu wa mshonaji ameota meno mawili. Kazini wamenipa mwanagenzi ambaye anaogopa wino kuliko umeme.

Nimefanya yote uliyosema na nimecheka njia nzima. Sketi ya kwanza niliiacha ndefu mno, kisu kikainyoa. Ndoo ya kwanza ilifyonzwa mpaka ikabonyea na kulia kama bati la paa. Nikaweka ndoo nzito ya rangi. Mjomba, ungeona! Nilichonga mlango mzima, nikapitisha kidole juu ya fremu ya picha ya mama, kidole kikarudi safi. Nilitaka kukukumbatia, kwa kukosa wewe nikaikumbatia ndoo.

Chujio la mashine ya kufyonzea ndilo lilikuwa linanisumbua, kila nusu saa linaziba na nguvu inapungua. Nimeliondoa. Hewa yenyewe si inatoka nje? Sasa inafyonza kama ina hasira.

Swali la tatu hukulijibu. Nilingoja, kisha nikaamua mwenyewe: nimetoboa ukuta wa nyuma. Mbele nisingeweza, wateja wanapita pale, na mshonaji anaanika nguo nyeupe za watu kwenye kamba. Nyuma hakuna kitu. Niambie kama nimekosea.

Baba hajambo. Siku hizi amependa kushinda kibaraza cha nyuma, anasema pana kivuli.

Mpwa wako,
Maswali


2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Wiki saba sijapata neno. Sijui barua yangu ilipotea, au ni wewe unaumwa, au nimekukosea. Kama nimekukosea niambie kwa lipi, nitaomba radhi hata kabla sijaelewa.

Sisi tupo. Kazi imenishika, nina oda ya milango ishirini na minne ya makabati, na kila nikitoka kazini naiwasha mashine mpaka giza liingie, na Jumamosi na Jumapili kutwa nzima. Baba ana kikohozi kidogo, nadhani ni hali ya hewa.

Nilitaka kukuuliza, ile feni kubwa ya karakana yako ya zamani, ambako baba alifanya kazi miaka yote ile, ilikuwa inatolea wapi? Nimemwuliza yeye, amesema hakumbuki kuona bomba likitokea popote. Amesema, "Muulize shemeji, yeye ndiye aliyelifunga."

Maswali


11 Mei

Maswali,

Zima mashine. Usimalize mlango ulio mezani, zima.

Toa bomba ukuta wa nyuma. Lipandishe mpaka lipite paa, na kabla halijapanda urudishe chujio, tena ununue lile zito linaloshika unga mwembamba. Likiziba, lisafishe, likiziba tena, lisafishe tena. Kibaraza usikifagie, kimwagie maji ukisugue. Kiti cha shemeji kipeleke upande wa mbele. Nguo za mshonaji zitafuliwa upya, hilo lisikuumize kichwa.

Usiniulize kwa nini. Fanya kwanza.

Mjomba


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya yote.

Nilipohamisha kiti cha baba nilikuta alama zake sakafuni: miguu minne ya kiti na nyayo zake mbili, safi, na kuzunguka pale pote unga wa rangi ya maziwa ya chai. Bomba lilikuwa juu ya kichwa chake, mkono mmoja na nusu. Nilikuwa napita pale kila siku kumpelekea chai, Mjomba. Nilidhani ni vumbi la barabara.

Sasa acha nikueleze niliyokuficha, maana roho inanisuta na siwezi kuendelea kuandika "baba hajambo". Uliniuliza mashine iko chumba kipi nikajifanya sikuona. Iko chumbani kwake. Meza haikupita milango mingine. Nilimwomba, akasema, "Chukua, mwanangu, mimi kitanda kinatosha sebuleni." Alikubali haraka nami nikakubali haraka zaidi. Kelele ya mashine ndiyo iliyomhamishia kibarazani. Kivuli nilikitunga mimi.

Na si kikohozi kidogo. Tangu Aprili nimempeleka hospitali mara mbili. Akitoka chooni mpaka sebuleni anashika ukuta mara tatu. Daktari aliuliza kama anavuta sigara. Baba akasema aliacha zamani sana. Mimi nikamwambia daktari, mbele yake, "Ndivyo anavyosema." Tulipofika nyumbani nilimpekua mifuko kama mama alivyokuwa akimpekua. Sikukuta kitu, nikamwambia amejua kuficha. Alikaa tu akitazama mikono yangu.

Nimekwambia yangu. Sasa niambie yako. Nilikuandikia Machi kwamba bomba liko nyuma na baba yuko nyuma. Umenijibu Mei, kwa mistari michache, kama mtu aliyekuwepo hapa akiona kila kitu. Ulijuaje?

Maswali


6 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini shemeji anapumua vizuri zaidi huko mbele ya nyumba. Mimi sina la kusema juu ya afya yangu, ninakula na ninalala, ndiyo aibu yenyewe.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Hii ya tano naipeleka hata kama haifai.

Karakana nilipoifungua, baba yako alikuwa mtu wa msasa. Hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama wake. Alifanya kazi stoo ya nyuma, mimi mbele na msumeno na mashine ya randa. Nilipata feni kubwa ya kinu cha kusaga, nikaifunga ifyonze vumbi la kwangu, bomba nikalitoa ukuta wa barabarani. Nilijiona bingwa. Kisha nikaweka kioo cha maonyesho pale mbele, na mabibi wakawa wanaondoka na vumbi mabegani. Mmoja alirudi na shali yake kunionyesha. Nikaligeuza bomba. Nililitolea stoo, nyuma ya rundo la mbao, juu karibu na paa, mahali pasipoonekana. Nikajiambia ni wiki mbili tu, mpaka nipate bomba refu la kupita paa. Nikajiambia pia kwamba yule anapiga msasa, kule tayari kuna vumbi, litaongeza nini?

Wiki mbili zilikuwa miaka tisa.

Mwaka wa pili niliingia stoo mchana, jua likipenya kwenye tundu la bati, nikaona hewa yenyewe ilivyokuwa nzito. Baba yako alikuwa amekaa, hafanyi kazi, kitambaa puani. Akaniambia, "Shemeji, vumbi la humu mbona haliishi hata nikiacha msasa?" Nilijua jibu. Lilikuwa juu ya kichwa chake linapuliza. Nikamwambia, "Punguza sigara."

Na sikuishia hapo. Dada yangu, mama yako, aliponiuliza mumewe ana nini kifuani, nilimwambia anavuta sana, tena anavuta kwa kujificha. Ndiyo, mimi. Mama yako alianza kumpekua mifuko kwa neno langu.

Karakana ilipofungwa nilihamia mbali, nikasema ni kutafuta kazi. Kwenye mazishi ya mama yako nilisimama nyuma ya watu na nikaondoka siku ileile, kwa sababu baba yako alikohoa wakati wa sala na mimi nikashindwa kusimama.

Sasa umekuja wewe na swali lako la tatu. Nilikujibu mawili kwa furaha, nikayameza maneno ya la tatu. Barua yako ya Machi niliipata baada ya siku tano. Niliisoma nimesimama. Niliona kila kitu, ukuta, kiti, bomba. Ningeweza kukuandikia mstari mmoja, hamisha bomba. Lakini wewe ungeniuliza kwa nini, nami sikuwa na uongo uliobaki wa kukupa. Kila asubuhi nilisema kesho.

Msomee shemeji barua hii. Mimi uso wa kumtazama sina.

Mjomba wako


14 Juni

Mjomba,

Sitamsomea.

Nimeisoma peke yangu, mara ya kwanza jikoni na mara ya pili ndani ya kile chumba, nimekaa juu ya meza ya mashine. Sijui kama nina haki ya kukasirika, maana yako nami nimeyafanya. Kioo chako cha maonyesho, kwangu mimi ni kamba ya nguo ya mshonaji. Hata mimi nilisema nyuma hakuna kitu. Lakini mimi sikujua, wewe ulijua. Wiki saba, Mjomba! Mwezi wa Aprili ulikuwa ndani ya wiki hizo. Na usinitwike maswali yangu, eti uliogopa ningeuliza. Ningeuliza, ndiyo. Na baba angekuwa anapumua vizuri.

Unataka nimsomee ili wewe ubaki hukoo uwanjani na madawati yako, mimi ndiye nimtazame usoni atakaposikia. Hapana. Ulimwambia "punguza sigara" kwa mdomo wako, na hili utamwambia kwa mdomo huohuo. Njoo. Daktari hajasema ana muda mrefu wala mfupi, amesema tusimchoshe. Basi usichelewe ukaja kumwambia akiwa hawezi kukujibu.

Sijamwambia chochote. Anajua tu mashine imezimwa, ameniuliza kama imeharibika.

Maswali


20 Julai

Mpwa wangu Maswali,

Nilirudi huku salama, basi lilichelewa kidogo tu. Nashukuru kwa kitanda na chakula, na kwa kutonisemesha mpaka nilipomaliza lililonileta. Chumba umekirudisha vizuri. Nimeona meza umeifungua vipande vipande na kuiegemeza ukumbini, na sikuthubutu kukuuliza utaipeleka wapi.

Umeniandikia kwamba baba yako hataki kukwambia tulizungumza nini zile saa mbili ulizosimama jikoni ukiosha sufuria moja. Amekwambia, "Muulize shemeji, ni zamu yake kujibu." Basi najibu.

Tulianza vibaya. Yeye hana pumzi ya kupaza sauti, na mimi sina masikio ya kusikia sauti ya chini. Ilibidi nivute kiti mpaka magoti yetu yagusane, niweke sikio mdomoni pake, kama watu wanaoteta. Nikamweleza yote kama nilivyokuandikia, feni, kioo, wiki mbili, tundu la bati. Nilijikaza nisikwepe kitu. Alinisikiliza macho yakiwa kwenye viatu vyangu.

Akauliza, "Ulijua tangu lini?"

Nikasema, "Mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili ndipo uliponiambia nipunguze sigara."

"Ndiyo, shemeji."

Akaegemeza kichwa kitini. Nilidhani amechoka. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kila kidole na pumzi yake. Akasema, "Niliacha mwaka uliofuata. Mtoto alikuwa darasa la nne. Niliacha siku moja, paketi nikaitupa chooni. Nilidhani kifua kitapona, dada yako afurahi. Hakikupona. Basi dada yako akajua nadanganya. Jioni ananusa shati. Nikikohoa ananitazama mfukoni. Miaka kumi na saba, shemeji. Alipokuwa amelazwa, siku za mwisho, alinishika mkono akaniambia, sasa niambie ukweli, ulikuwa unazificha wapi?"

Sikuweza kutoa sikio langu pale, Maswali. Alikuwa amenishika kola.

"Nikamwambia sikuficha," akasema. "Akanigeuzia uso ukutani. Alikwenda akijua ameolewa na mwongo."

Mimi nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa mapafu yake. Nilikuwa nimeyawaza usiku na mchana, nimejiandaa hata kupigwa. Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Sikuwahi kulifikiria hata mara moja, na lilikuwa kazi ya mdomo wangu.

Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe."

Akasema, na hapa nilimsikia vizuri kuliko mahali pengine pote, "Leo hapana. Nikikusamehe leo utapanda basi na kusinzia njia nzima. Utaniandikia. Mimi, siyo mtoto. Kila mwezi uniulize kifua kinaendeleaje, na mimi nikujibu. Nataka uwe unajua. Ukinyamaza tena, basi."

Ndiyo yote. Baada ya hapo aliniuliza habari za madawati.

Tangu nirudi nina karatasi mezani. Nimeandika "Shemeji" na koma. Nimekwama hapo siku ya sita.

Mjomba wako


9 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima. Mshonaji anakusalimu, anasema uliposimama mlangoni alidhani ni mtu wa kukagua umeme. Mashine nimeipangia kibanda, nje kidogo ya mtaa, kiko peke yake na bomba lake linapita paa. Bado sijaiwasha. Naenda naitazama narudi.

Nilisoma barua yako nikakaa nayo siku mbili. Kisha nikaenda kwa baba chumbani kwake, nikamwambia, "Baba, nimekuja kuomba radhi."

Akasema, "Ya chumba, ya bomba, au ya sigara?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikasema yote matatu. Akasema ya chumba tuiache, alinipa mwenyewe. Ya bomba sikujua. Nikasema, "Basi ya sigara." Nikamwambia nilikosea kumsema mbele ya daktari, nilikosea kumpekua, na kwamba sasa najua hakudanganya hata siku moja.

Akaniuliza, "Na mama yako?"

Nikasema, "Mama hayupo, Baba."

"Najua hayupo. Sema wewe. Una sauti yake."

Nilipiga magoti karibu na kitanda, nikamshika mkono, nikamwambia, "Nilikuonea. Ulikuwa umeacha." Maneno hayo tu. Baba hakulia kwenye mazishi, wewe ulikuwepo na mimi nilikuwepo. Alilia hapo. Alilia mpaka pumzi ikambana nikaogopa, nikamwinua nikamwekea mito mgongoni, na alipotulia aliniambia nimwachie dirisha wazi niende zangu.

Hili nimekuandikia ulijue. Sikuandika ili upate nafuu.

Tangu siku hiyo, saa ya mtu wa barua kupita, anajikongoja mwenyewe mpaka mbele ya nyumba, anashika ukuta mara mbili sasa badala ya tatu. Ananiuliza kama kuna kitu kwa jina lake. Nikisema hakuna, anasema hata hakuwa anangoja, ametoka kupata hewa tu. Jana alikaa pale mpaka mshonaji akafunga duka.

Anakungoja, Mjomba. Andika.

Maswali